Mirembe au zahanati ya kijiji: huduma ya afya ya akili iimarishwe wapi?

Kamati nyingi za afya nchini Tanzania hujiuliza iwapo mgonjwa wa akili apelekwe Hospitali ya Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, au ahudumiwe karibu na kwao.

Kwa gharama, zahanati inashinda bila ubishi, kwani nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake huwafanya wengi wakatize matibabu. Kwa utaalamu, hospitali iko mbele: daktari bingwa na uangalizi wa usiku na mchana havipatikani kijijini, na mtu anayetaka kujidhuru hapaswi kusubiri.

Ufuatiliaji ndio unaonigusa zaidi. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, akikosa dawa, ugonjwa huweza kurudi. Mhudumu wa afya anayeijua kaya yake humtambua mapema, ila juhudi zake hazifui dafu iwapo kabati la dawa ni tupu. Kamati na ipekue kwanza leja ya dawa na rejesta: nani hajaonekana mwezi huu?

Mjini Harare, Zimbabwe, tangu 2006, kina bibi waliofunzwa huzungumza na wenye sonona (huzuni nzito ya muda mrefu) kwenye mabenchi ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili zikipungua. Kijiji chenye sonona nyingi kinaweza kuanzia hapo. Kile ambacho wagonjwa hufungwa kamba majumbani kinahitaji kwanza usafiri wa uhakika wa rufaa.