Mbao za mashua: sifa au rangi?

Kila mashua ikipandishwa ufukweni Mikindani, ubishi ni huu huu: mbao zipakwe sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, au rangi ya mafuta? Kwa gharama sifa inashinda: mafuta haya unayapata kwa wavuvi wenyewe, na kupaka ni tambara tu. Ila jua huyakausha upesi, baada ya miezi michache unarudia, na harufu yake abiria hawaitaki.

Rangi ya mafuta hudumu zaidi na huzikinga mbao na jua. Lakini inadai kazi: kukwangua, kupiga msasa, kuosha chumvi kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), kisha kungoja mbao zikauke kabisa. Ukipaka juu ya unyevu, inatoka malengelenge. Kinachonitisha zaidi ni kwamba rangi huficha. Nilikwangua ubao wangu wa karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua, rangi bado inang'aa, kidole gumba kikazama. Kwa sifa ningeuona weusi wa kuoza mapema.

Sehemu inayokaa majini achana na vyote viwili, paka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta.

Mashua ya uvuvi isiyopumzika ningeipa sifa. Ya kubeba wageni, inayoweza kukaa nchi kavu wiki nzima wakati wa kiangazi, ipake rangi.