Miezi 5 katika nyumba ya wenyewe: tathmini ya huduma ya kutafutiwa familia ya kuishi nayo ughaibuni

Kwa miezi 5 nilisoma lugha nje ya nchi nikiishi na familia niliyotafutiwa na wakala. Kwa kuwa wanaofikiria kutumia huduma hii huniuliza zaidi kuhusu ukarimu wa wenyeji kuliko kuhusu mambo yatakayowasumbua kweli, nimeona niitathmini kama huduma nyingine yoyote ya kulipia. Wenyeji wangu walikuwa watu wema. Upungufu ulikuwa katika kazi ya wakala.

Utaratibu ni mwepesi: mwanafunzi hujaza fomu akieleza umri, afya, vyakula asivyokula na kama anaweza kukaa na paka au mbwa, kisha hulipa ada ya kutafutiwa familia, amana, na malipo ya kila wiki ambayo kwangu yalijumuisha chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Maelezo niliyotumiwa kabla ya safari yalisema kwamba shule ilikuwa umbali wa dakika 25. Ni kweli, kwa gari. Kwa basi, nililolipanda kila siku, ilikuwa saa 1 na dakika 10. Niliahidiwa vilevile kwamba nyumba moja haitapewa wanafunzi 2 wa lugha moja, sharti la kawaida katika biashara hii na lenye sababu nzuri, lakini wiki ya 6 akaletwa mwenzangu na kuanzia usiku huo Kiswahili kikatawala ghorofa ya juu. Nilipolalamika, jibu lilichukua siku 9.

Maisha ya kila siku yalinifundisha kwamba katika nyumba ya watu taratibu muhimu ndizo zisizotamkwa. Bafu lilikuwa moja kwa watu 5, na maji ya moto yalitoka katika tangi ambalo likiisha huchukua muda kupata moto tena, jambo ambalo sikulijua nilipokuwa nikioga kwa raha zangu wiki ya kwanza. Baba wa nyumba hakusema neno. Asubuhi moja nilikuta saa ndogo ya jikoni, ile inayolia chakula kikiiva, imewekwa kwenye dirisha la bafu ikiwa imetegwa dakika 8. Nikaelewa. Somo la pili nilipewa mezani, siku niliyochelewa kurudi bila kutoa taarifa: sahani yangu ilikuwa imefunikwa, kila mtu ameshakula, na mama wa nyumba hakugomba ila alinyamaza hadi kesho yake mchana. Ningependa zaidi angegomba.

Meza hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo iliyonipa thamani ya pesa zangu. Nilipokosea sentensi, mama wa nyumba hakunisahihisha. Aliirudia ikiwa imenyooka, kana kwamba anahakikisha amenisikia vizuri, kisha akaendelea na habari yake. Darasani kosa husimamisha mazungumzo na kila mtu hukutazama, lakini pale halikusimamisha kitu, na baada ya miezi 2 nikajikuta nasema jambo sawasawa bila kukumbuka nilijifunza lini. Alitaka nimwite kwa jina lake tu, na kwa kuwa ana umri wa mama yangu ulimi ulinigoma, hivyo kwa wiki 3 nilisubiri kwanza anitazame ndipo niseme. Jambo hilo hakuna fomu inayoliuliza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami kuosha vyombo hakukuwahi kunikera. Kilichonikera ni kubaki na mtoto, kwanza dakika chache, baadaye jioni 2 kila wiki. Kuna vijana wanaokwenda kuishi na familia ili wasaidie kulea watoto na hupewa malazi, chakula na pesa za matumizi, nao wana taratibu zao: makubaliano ya Ulaya ya mwaka 1969 yanataka kazi yao isizidi saa 5 kwa siku, na wapate siku 1 nzima ya mapumziko kila wiki. Mimi nilikuwa mgeni wa kulipa. Nilipomweleza mama wa nyumba alishtuka kweli, akaleta karatasi aliyopewa na wakala: penye swali la kama napenda watoto nilikuwa nimeweka alama ya ndiyo, naye akaichukua kuwa ni ahadi. Lilikwisha siku hiyohiyo, kwa dakika 10 za mazungumzo ambazo wakala angeweza kutuepushia kwa sentensi moja.

Kwa hiyo naipendekeza huduma yenyewe, lakini kwa masharti. Lipia wiki 4 za kwanza tu, uliza muda wa kufika shuleni kwa basi na idadi ya watu wanaotumia bafu moja, na omba kuzungumza na familia kwa simu ya video kabla ya kutuma pesa. Amana yangu ilirudi baada ya wiki 7 ikiwa imekatwa gharama ya ufunguo ambao nilimkabidhi mama wa nyumba mkononi siku ya kuondoka. Alipomwandikia wakala mwenyewe, nacho kiasi hicho kikarudishwa.