Kipimo cha testosteroni: nyota tatu, zote za yule mama daktari

Naendesha lori, Dar hadi Tunduma, umri 44. Tangu mwaka jana mwili hauna raha, tumbo limetangulia, na mambo ya chumbani tuyaache hukohuko. Kijiweni wakaniuzia kopo la unga wa mizizi. Kabla sijalifungua mke wangu akasema, "Baba Neema, si upime kwanza?" Nikaenda kupima testosteroni, yaani homoni ya kiume, kwenye maabara moja huku Mbagala, jina naliweka kapuni.

Nilifika saa tisa alasiri, nimetoka kula wali maharage. Kijana akanitoa damu bila kuuliza lolote, akachukua elfu hamsini yangu. Majibu: nanogramu 268 kwa desilita, na pembeni wameandika kawaida 300 hadi 1000. Nikaishiwa hata zile nguvu chache nilizobaki nazo.

Mama daktari wa palepale akaitazama karatasi, akasonya. "Nani kakupima alasiri?" Kumbe homoni hii hupanda mtu akiwa usingizini, inakuwa juu asubuhi, halafu inashuka mchana; chakula nacho huishusha. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, hujala kitu, na ikitoka chini irudiwe siku nyingine. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa barabarani, sijalala.

Nikamuuliza, kwa nini nisichomwe tu sindano? Akageuza risiti yangu, akachora kwa peni. Ubongo unaamrisha tezi ndogo iliyo chini yake, tezi inazituma korodani, korodani zinatengeneza. Ikitosha, ubongo unapunguza amri. "Kama floti ya simtanki," akasema. Ukimimina ya sindano, floti inapanda, koki inafunga, korodani zinalala, na mbegu za uzazi zinapungua, pengine zinakwisha kabisa. Na mimi bado natafuta wa tatu! Kuhusu kitambi, akasema mafuta yale hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Hapo nilinyamaza.

Nikarudi saa moja na nusu asubuhi, tumbo tupu, nimelala kwangu: 431. Ila wakanitoza elfu hamsini nyingine. Kosa lao, hela yangu. Nyota mbili zimepotelea hapo.

Ukienda, wahi asubuhi, na usiende Jumatano, mama hayupo zamu. Kopo bado lipo kabatini na lakiri yake. Kijiweni wamegoma kunirudishia hela.