Beseni au kibuyu chirizi: mtoto anawe wapi kabla ya kushika chakula?

Nyumbani kwetu beseni lilikuwa moja kwa watu watano. Alianza mgeni, akafuata baba, na lilipomfikia mdogo wetu maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo mtoto hanawi, anachovya uchafu wa wenzake. Ukiongeza birika la kumiminia, maji yakatiririka, tatizo hilo huisha, na mtoto anayewanawisha wakubwa hujifunza adabu. Lakini anapotoka chooni akakimbilia kachumbari, nani atammiminia?

Kibuyu chirizi hakimsubiri mtu. Ni dumu la lita 5 lililoning'inizwa, lina tundu dogo la msumari karibu na mdomo na kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Mguu unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Mkono haugusi chochote ila sabuni. Watoto hukipenda kama mchezo, na ndiyo kasoro yake: wiki ya kwanza dumu litakauka kabla ya saa nne asubuhi. Sabuni nayo itoboe uifunge kwa kamba imara, maana kunguru wa Pwani hawana haya.

Sekunde 20 za kusugua, kucha zikiwemo, zinahitajika kokote.

Wageni nitawatolea birika na beseni. Mtoto anayetumwa kuosha nyanya namfungia dumu mlangoni mwa jiko, kimo cha kifua chake, na kulijaza ni zamu yake.