Duka la kubeti karibu na stendi ya Tabora, na mbwa wanaokimbia kwenye skrini zake

Mwezi uliopita niliingia mara nne katika duka moja la kubeti lililo karibu na stendi ya mabasi hapa Tabora, mara tatu jioni baada ya kazi na mara moja Jumamosi mchana, na kila mara nilikaa zaidi ya saa nzima. Jina la duka silitaji, kwa sababu kasoro nitakayoieleza si yake peke yake. Naandika kama mteja aliyeweka dau lake, na pia kama mtu aliyefanya kazi ya afya ya mifugo kwa miaka mingi katika mkoa huu, ambaye amewahi kuushika mguu wa mbwa uliovunjika na anajua mnyama huyo anavyotulia kimya kwa maumivu.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa yapo. Mlangoni pana tangazo kwamba aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuingia, na nilimwona mlinzi akimrudisha kijana aliyevaa sare ya shule kwa maneno ya staha. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha imebandikwa ukutani mahali pa kuonekana. Feni zote zinazunguka, na anayeijua Tabora ya mwezi wa Oktoba ataelewa kwa nini nimelitaja hilo. Mkeka wangu, yaani tiketi yangu ya kubeti mpira, uliposhinda nililipwa shilingi 6,400 papo hapo, bila kuambiwa nirudi kesho. Vijana wa dirishani wana adabu, wanasalimia na kumweleza mgeni taratibu bila kumharakisha.

Shida yangu iko kwenye skrini mbili za upande wa ndani. Ya kushoto inaonyesha mbio za mbwa waliochorwa na kompyuta, zinazorudi kila baada ya dakika chache kutwa nzima. Ya kulia, kwa saa fulani za mchana na jioni, inaonyesha mbwa wa kweli wa aina ya grehaundi wakikimbia katika viwanja vya Uingereza. Zote mbili zimeandikwa «Mbio za Mbwa», na tiketi zake zinafanana: namba ya mbio, namba ya mbwa, dau, malipo yanayotarajiwa, saa. Jioni ya kwanza niliwauliza wateja wawili waliokaa karibu nami kama mbwa wa skrini ya kulia wako hai. Mmoja alisema ni katuni zilizotengenezwa vizuri zaidi, na mwingine alisema hajawahi kufikiria.

Siku ya pili niliweka shilingi 1,000 kwenye namba tano. Mbwa sita walitoka kwenye vibanda vyao kwa pamoja, kila mmoja na fulana ya rangi yake: nyekundu kwa namba moja, bluu kwa mbili, nyeupe kwa tatu, nyeusi kwa nne, ya machungwa kwa tano, na milia ya nyeusi na nyeupe kwa sita. Walipofika kona ya kwanza walibanana, namba nne akamgonga wangu ubavuni, na yule wa machungwa akapinduka mchangani. Aliinuka akiwa ameukunja mguu wa nyuma wa kulia, akapiga hatua mbili kwa miguu mitatu, kisha kamera ikamwacha na kuwafuata waliokuwa mbele. Sekunde chache baadaye yalitokea majina ya washindi, halafu ratiba ya mbio zinazofuata. Nilikwenda dirishani kuuliza habari za namba tano. «Mzee wangu,» kijana alinijibu kwa upole, «mashine inatuletea mshindi tu. Mkeka wako umechanika, pole sana.»

Jibu lake lilikuwa la kweli, ndiyo maana limenikaa moyoni. Duka linajua kila kitu kuhusu pesa yangu na halijui lolote kuhusu mnyama aliyeikimbilia.

Kilichotokea pale kina sababu inayoeleweka. Mbwa hawa hufikia mwendo wa karibu kilomita 65 kwa saa, na wanafika konani wakiwa bado kundi moja, wote wakimfuata sungura wa bandia anayevutwa kwenye reli. Katika viwanja hivyo wanazunguka kwa kushoto, hivyo uzito wote wa mwili unaosukumwa nje na mwendo unaangukia miguu ya kulia, na kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia ndicho kinachovunjika mara nyingi. Yaani jeraha linatokana na umbo la uwanja, mwendo, na idadi ya mbwa wanaoachiwa kwa pamoja. Kwa takwimu za wasimamizi wenyewe wa mchezo huo nchini Uingereza, mwaka 2023 walirekodi majeraha zaidi ya 4,000, na mbwa zaidi ya 100 walifia viwanjani.

Sheria hazikukosekana. England ina kanuni za mwaka 2010 zinazotaka daktari wa mifugo awepo uwanjani, mbwa wapimwe kabla ya kukimbia, wawekewe alama ya utambulisho, na majeraha yaandikwe. Ni kanuni nzuri kwa kadiri zinavyokwenda, lakini zinaishia kwenye lango la uwanja: mabanda ya wafunzaji, ambako mbwa huishi karibu siku zake zote, hayakuguswa nazo. Na daktari anayesubiri kando ya uwanja anamtibu aliyekwisha kuvunjika, wakati kona iliyomvunja inabaki vilevile. Naona hapo ndipo nchi nyingine zilipochoka kurekebisha. Jimbo la Florida huko Marekani lilipiga kura mwaka 2018, karibu asilimia 69 wakakubali mbio hizo zikome, na mwisho wa 2020 zikakoma. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itazifunga, ikaweka kikomo Julai 2026. Ilitanguliza muda huo ili mbwa watafutiwe makazi kwanza, na hilo nalipongeza kwa dhati, maana kufunga viwanja bila kupanga wanyama waende wapi kungekuwa ukatili wa namna nyingine.

Kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa wa kata za hapa Tabora kama Ng'ambo au Kiloleni yuko chini ya ulinzi wake. Mbwa wa skrini ya kulia hayuko. Anakimbia mbali, chini ya kanuni za huko, ila shilingi inayolipwa Tabora ni sehemu ya biashara inayomweka kibandani. Tunasimamia kwa uangalifu nani anabeti, kwa leseni gani na kwa umri gani, na sijaona mahali tunapouliza kile kinachobetiwa kina hali gani. Ningependa wanaotoa leseni waulize, walau kwa kuyataka maduka yamweleze mteja kama mbio anazoonyeshwa ni za wanyama hai.

Duka lenyewe halihitaji kusubiri. Ziara ya nne, ile ya Jumamosi, nilimkuta msimamizi na kumweleza haya yote. Alisikiliza hadi mwisho bila kutazama simu yake, akasema mbwa wa kweli hawamletei hata robo ya mauzo ya mbwa wa kompyuta, na kwamba kuondoa matangazo yale si uamuzi wake. Nilimwomba basi aandike tu, chini ya kila skrini, wapi ni mbwa waliochorwa na wapi ni wanyama wenye damu. Aliniomba kalamu, akaandika hapohapo nyuma ya karatasi ya ratiba, kwa herufi kubwa: «HAWA NI MBWA HAI». Kijana wa dirishani akaibandika kwa gundi ya karatasi chini ya skrini ya kulia.

Kwa huduma, usafi na uaminifu wa malipo nalipatia duka hili nyota nne kati ya tano. Kwa mbio za mbwa hai nalipatia moja, na hiyo ni kwa ajili ya karatasi. Anayetaka kubeti mpira aende bila wasiwasi, akae benchi la karibu na mlango ambako upepo unaingia. Kwenye skrini ya kulia mimi sitaweka dau tena. Nilipopita jana jioni karatasi ilikuwa bado ipo, na mtu mmoja alikuwa amesimama mbele yake akiisoma huku tiketi iko mkononi.