TAHADHARI: "Hija kwa meli" ya Roma na Yerusalemu inayouzwa hapa Kigoma

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, na ninyi mlioko mbali ila wazazi wenu wako huku, someni hii halafu wapigieni wazee simu leo leo kabla hawajatoa hela.

Kuna jamaa anajiita wakala wa safari za nje. Anapita kwenye jumuiya, kwaya na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, anauza kitu alichokipa jina la "hija kwa meli". Siku 8, chakula humo humo, Roma, Florence, Athene na Yerusalemu. Kishika nafasi laki nane kwa kichwa, inayobaki mnamalizia kidogo kidogo. Mama mkwe wangu na wenzake wametoa. Sasa hivi simu ya jamaa inaita mpaka inakata, kaofisi alikokuwa amepanga mtaa wa Mwanga kana kufuli, na mwenye nyumba naye anamtafuta kwa kodi.

Watu wanasema mtu angejuaje, kipeperushi kilikuwa kizuri na jamaa anaongea kwa heshima. Kipeperushi chenyewe ndicho kilichomuumbua. Ninacho hapa, tukisome pamoja.

"Siku ya 3, Alhamisi: ROMA. Kufika saa 1 asubuhi, kuondoka saa 12 jioni. Vatikani, kukutana na Baba Mtakatifu, Koloseo, manunuzi."

Roma haina bandari ya hizo meli kubwa. Meli inayoandikwa "Roma" inafunga gati Civitavecchia, mji mwingine kabisa, kilomita 70 hadi 80 kutoka Roma. Chukua Kigoma mjini mpaka Kasulu, punguza kidogo tu. Sasa piga hesabu ya siku yenyewe. Meli inafunga saa 1, lakini watu ni maelfu, hamshuki wote kwa mpigo. Kuna basi la kukutoa gatini hadi geti la bandari, halafu kuna kwenda stesheni. Treni ya kawaida inachukua kama saa nzima au zaidi kufika kituo cha San Pietro, ambacho kiko karibu na Vatikani, unatembea kwa mguu. Ukijitahidi sana unafika pale saa 4. Bado foleni ya ukaguzi kuingia Basilika la Mtakatifu Petro, ambayo siku ya watu wengi inakula saa nzima bila aibu. Na meli ikiondoka saa 12, abiria wanatakiwa wawe ndani mapema, nusu saa hadi saa moja kabla. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaondoka Roma saa 9 alasiri. Hayo manunuzi yanaingia wapi? Na Koloseo, ule uwanja wa kale, je, na bibi mwenye magoti mabovu?

Hapa ndipo wengi wetu tunapopigwa, kwa sababu meli tunazozijua sisi ni nyingine. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilipokuwa inafanya safari zake, kuchelewa lilikuwa jambo la kawaida, mizigo ya dagaa na mawese ipakiwe kwanza, na ukimwona mtu anakimbia na begi gatini hukushangaa akipanda. Meli ya kitalii haimsubiri mtu. Ukiwa umekwenda na matembezi yaliyoandaliwa na meli yenyewe, basi lenu likikwama njiani kwa kawaida wanawangoja, au wanawafikisha bandari inayofuata kwa gharama zao. Ukiwa umekwenda kivyako, inang'oa nanga, na kuifuata bandari inayofuata ni juu yako na mfuko wako. Jamaa aliandika kwa herufi ndogo chini: "usafiri wetu binafsi kutoka bandarini". Maana yake hao wazee, hawajui Kiitaliano hata neno, wangekuwa kivyao.

Tuje kwa Baba Mtakatifu, maana hili ndilo limeniudhi kuliko yote. Ukisema "kukutana na Papa", kwa mahujaji wa kawaida ni katekesi ya Jumatano asubuhi, au sala ya Malaika wa Bwana Jumapili adhuhuri. Yeye kawapangia Alhamisi. Na akawatoza elfu sitini kila mmoja ya "tiketi ya Papa". Tiketi za katekesi ni bure. Kuingia Basilika ni bure. Kikongwe kauza kuku wake kulipia kitu ambacho hakiuzwi.

Florence ni mchezo uleule: bandari ni Livorno, kilomita kama 90. Athene hakudanganya, bandari ya Piraeus iko kama kilomita 10 tu na treni ya mjini inafika. Yerusalemu iko juu milimani, mbali na pwani, kilomita kama 70 kutoka bandari ya Ashdod na kama 150 kutoka Haifa. Zaidi ya hapo, tangu vita vya Oktoba 2023 kampuni nyingi za meli ziliondoa bandari za Israeli kwenye ratiba zao. Kuitoa meli Italia mpaka kule na kuirudisha, ukipitia Ugiriki, yote ndani ya siku 8, na bado kila mji upate "siku nzima", haiwezekani.

Viza ndiyo ilimaliza ubishi wote kwangu. Aliwaambia kwa kuwa watalala melini, viza haihitajiki, walete picha za pasi na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Wapendwa, Mtanzania haingii Italia wala Ugiriki bila viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Mwombaji wa mara ya kwanza anakwenda mwenyewe kutoa alama za vidole, na kwetu hiyo ni safari ya Dar es Salaam. Ada ya ubalozi kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Na ukitoka eneo la Schengen ukaenda Israeli kisha ukarudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Wakala asiyewaambia kuhusu Dar hana safari.

Sisemi safari za meli ni utapeli. Zipo, na Napoli kwa mfano meli inafunga mjini kabisa, unashuka na miguu yako. Ila mzee ambaye kiu yake ni Roma, mpelekeni kwa ndege alale Roma siku tatu, asali kwa nafasi.

Mtu akija na kipeperushi cha namna hii, mwulize jina la bandari, siyo jina la mji, halafu fungua ramani kwenye simu upime mwenyewe. Mdai namba ya uhifadhi iliyotoka kampuni ya meli, kisha waulize kampuni wenyewe kama wanaitambua. Jina la kampuni yake litafute BRELA, wanakosajili kampuni, na leseni ya utalii, ile wanayoiita TALA, akuonyeshe kwa macho. Hela isiende kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Za akina mama zilikwenda kwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na stakabadhi waliyopewa ni karatasi ya daftari yenye muhuri usiosomeka.

Mwenye stakabadhi kama hiyo asiitupe. Pia usifute ujumbe wa muamala wala sauti zake za WhatsApp. Kesi imefunguliwa polisi hapa mjini, tunakusanya majina ili iwe moja badala ya kila mtu kwenda kivyake. Namba aliyotumia kupokea hela itumeni pia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Juzi nimeambiwa vipeperushi vilevile vimeonekana Kasulu, safari hii kaongeza na Paris. Bandari wanayoiuza kwa jina la Paris ni Le Havre, kilomita kama 200 kutoka Paris kwenyewe, kwa hiyo wa Kasulu mjulishane mapema.