Kifungo cha nje zahanatini kwetu: nyota nne kati ya tano

Wenzangu wa kamati za shule na zahanati hapa Moshi huwa wananiuliza kama kupokea wafungwa wa kifungo cha nje kuna faida au ni kujitafutia balaa. Mimi ni nesi mstaafu, nimo kwenye kamati ya zahanati ya mtaa wetu. Jibu langu: wapokeeni, ila mjipange.

Huduma hii inatokana na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka 3 anaweza, mahakama ikiridhika, kukitumikia uraiani kwa kufanya kazi za umma bila malipo. Kabla ya hapo ofisa probesheni, yaani ofisa wa serikali anayesimamia wafungwa wa nje, anamchunguza, anaongea na ndugu na majirani, kisha anamwandikia hakimu ripoti. Kwa hiyo msidhani mnaletewa jambazi sugu. Akikiuka masharti anarudishwa mahakamani, na anaweza kuishia gerezani. Hilo wao wanalijua kuliko sisi. Wale tuliowapokea sisi, asubuhi walikuwa wanatutangulia getini.

Kufyeka na kudeki walifanya, hakuna la ajabu. Kazi iliyonikosha ni mfereji. Kila masika maji yalikuwa yanatuama nyuma ya chumba cha chanjo, na sisi tunalaumu mvua. Kijana mmoja kati yao, fundi ujenzi, akatazama, akaomba ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Akaujaza maji, akampa mwenzake ncha ya pili, wakapima leveli. Kumbe mfereji ulikuwa unarudisha maji kwenye msingi wa jengo! Wakauchimba upya na kuupanga mawe pembeni. Juzi imenyesha mvua ya kutosha, nami nimepita pale na kandambili.

Nyota ya tano nimeibana kwa mambo ya upande wetu. Mjumbe mmoja wa kamati (atasoma hapa, hajambo) alitaka wapitie kwake kwanza wakampalilie migomba. Ofisa probesheni alimkatalia mbele ya wote: hii ni kazi ya umma. Na wagonjwa nao! Mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa benchi. Kijana aliona, akainamisha kichwa, akaendelea kufagia.

Vifaa vitafuteni mapema. Kwetu makoleo, mafyekeo, glavu na mabuti vilitoka mfuko wa kamati. Kwa walio zahanati, wasisogezwe kabisa kwenye shimo la kutupia kondo la nyuma wala boksi za sindano. Kazi hiyo ina watu wake waliofundishwa. Daftari la mahudhurio lijazwe siku hiyo hiyo, tena ajaze mtu mmoja anayeaminika, maana ofisa akija analiomba hilo kabla hata hajakaa.

Sisi tumeshamwambia ofisa tungependa wengine kabla ya vuli. Ukuta wa choo cha wagonjwa umepasuka, na akipatikana fundi mwingine tutashukuru.